Kazi Niliyofundishwa Kuanzia Mwisho

Wanachuo wenzangu wa ualimu, kama saikolojia ya elimu mliisoma kama mimi, yaani kukariri usiku wa kuamkia mtihani, mtawakumbuka wale mafundi cherehani wa Liberia. Jean Lave aliwafuatilia miaka ya 1970, na mwaka 1991 yeye na Etienne Wenger wakawaingiza katika kitabu chao kuhusu namna watu wanavyojifunza wakiwa ndani ya kazi. Mwanagenzi pale hapewi mkasi siku ya kwanza. Anaanza na nguo inayokaribia kukamilika: anapiga pasi, anashona vifungo, anakunja pindo. Kushona nguo nzima kunafuata, na kukata kitambaa kunakuja mwisho kabisa. Niliyaandika hayo kwenye mtihani, nikapata B+ na kuyasahau.

Yalinirudia likizo ndefu ya mwaka jana. Likizo hakuna bumu, kwa hiyo nilichukua kibarua cha miezi miwili kwenye kampuni moja ndogo ya kusambaza barua na vifurushi hapa Dar. Mimi nilidhani kazi yenyewe ni miguu tu. Nikakabidhiwa kwa mzee mmoja ambaye ofisi nzima ilimwita Babu.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba, mwalimu. Kaa hapo."

"Hapo" ilikuwa mbele ya rafu ya mizigo iliyorudi. Siku tatu nzima sikutoka nje. Kazi yangu ilikuwa kusoma kila bahasha imerudi kwa nini, kupiga simu tena na kuandika majibu kwenye daftari. Nilikasirika kimoyomoyo, maana wenzangu walioanza siku moja na mimi kwenye ruti nyingine walikuwa tayari barabarani. Lakini ukikaa na mizigo iliyorudi unaanza kuona mambo. Kwa miaka mingi barua zetu zimekwenda kwenye sanduku, S.L.P. fulani, na mwenye barua akazifuata mwenyewe. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022 mitaa ina vibao, nyumba zina namba, kila kata ina postikodi ya tarakimu tano. Imesaidia, sitaki kubeza. Ila kibao kinakufikisha getini. Ndani ya geti kuna vyumba vinane vya wapangaji, na jina lililo kwenye bahasha ni la cheti cha kuzaliwa, wakati pale nyumbani mwenyewe anajulikana kama Mama Junior.

Baada ya rafu nikafundishwa kupanga begi: mzigo wa mwisho kwenye ruti unaingia kwanza. Siku niliyopanga kinyume nilimwaga kila kitu kwenye benchi la kituo cha Mori nikitafuta bahasha moja, abiria wananiangalia.

Wiki ya tatu nikapewa ruti yangu, kipande cha Sinza. Ijumaa nilikuwa na bahasha iliyotoka Songea. Nilipiga simu mara mbili, haipatikani. Nikagonga geti, kijana mmoja akasema hamjui mtu huyo. Nikaandika "hajapatikana", nikaendelea.

Jumatatu jioni Babu akaikuta kwenye rafu.

"Mwalimu, hapa ulimuuliza nani?"

"Kijana wa getini."

"Na mwenye genge?"

Nilinyamaza. Asubuhi yake tukaenda wote. Mama wa genge hata hakungoja nimalize kusoma jina. "Si yule binti wa chumba cha nyuma? Simu yake ilidumbukia kwenye ndoo ya maji." Binti akatoka, akaifungua bahasha palepale. Vyeti vyake halisi. Usaili ulikuwa jana yake, na bila vyeti halisi hakuruhusiwa kuingia. Hakutugombeza. Alisaini, akasema asante, akarudi ndani. Babu alimpa pole, mimi sikupata hata neno.

Njiani Babu hakunihubiria. Alisema tu kwamba kuanzia siku hiyo, kila nikiandika "hajapatikana" niandike na niliowauliza, wasipungue watatu. Nikachora safu mpya kwa rula kwenye daftari langu.

Sasa turudi kwetu. BTP yetu inaanza na mkasi. Unafika shuleni Jumatatu, Jumanne umeshika chaki mbele ya wanafunzi sitini, una andalio la somo na hujui hata mmoja wao. Ningependa wiki ya kwanza tukalishwe kwenye rafu: tusahihishe madaftari ya somo lililokwisha kufundishwa na mwalimu mwenyeji, tuone wanafunzi walikwama wapi, tupitie daftari la mahudhurio na kuwafuatilia wasiofika. Mhadhiri mmoja niliyemweleza hili alisema wiki za BTP ni chache mno. Ni kweli ni chache. Lakini wiki mbili za kwanza nilizofundisha mimi hazikumfaa mwanafunzi yeyote, hilo nalijua vizuri kuliko yeye.

Na katika BTP hiyohiyo kuna mwanafunzi niliyemwandika "hayupo" siku tisa mfululizo. Nilikuwa naita jina, kimya, naandika, naenda jina linalofuata. Sikumuuliza hata jirani yake wa dawati. Mpaka leo sijui siku zile alikuwa wapi.