Kiongozi wa Kikundi na Kazi Inayokwama



Somo letu safari hii linawahusu hasa wale waliopewa kuongoza wenzao: wanyapara wa mashambani na viongozi wa zamu viwandani. Jana mtu alikuwa mchuma chai au mfumaji kama wengine. Leo ofisi inamwita na kumwambia, "Kikundi chako kiongeze uzalishaji." Haambiwi kwa njia gani. Basi anashika ile njia aliyoiona tangu utoto wake, yaani kelele.

Neno lenyewe "mnyapara" ni la zamani. Katika misafara ya karne ya 19 mnyapara alikuwa mkubwa wa kundi la wapagazi, na mara nyingi ndiye aliyewasemea kwa mwenye msafara. Mashamba ya wakoloni ndiyo yaliyomfanya kuwa mtu wa fimbo. Sisi tungependa arudie ile kazi yake ya kwanza.

Tutazame kiwanda kimoja cha nguo katika mji wa Ahmedabad, nchini India. Kiwanda hicho kilikuwa kimenunua mitambo mipya ya kufumia, ya kujiendesha yenyewe, lakini ile faida iliyotazamiwa haikuonekana. Mwaka 1953 mtaalamu Mwingereza, A. K. Rice, alichunguza jinsi kazi ilivyogawanywa. Banda moja lilikuwa na mitambo 224 na wafanyakazi 29, nao waligawanywa katika kazi 12 mbalimbali. Huyu anafuma tu, yule anajaza nyuzi, mwingine anapaka mafuta, mwingine anafagia. Kila mmoja alikuwa na idadi yake ya mitambo ya kuhudumia, na idadi hizo hazikulingana. Mtambo ukisimama, mfumaji humngojea mwenzake ambaye saa ile ile anaitwa na wafumaji wengine wawili. Nani alaumiwe hapo? Wote walikuwa wakitoka jasho, na mitambo imesimama.

Ikashauriwa waundwe vikundi vidogo, kila kikundi kikabidhiwe mitambo yake na kuihudumia chenyewe kwa kazi zote. Wafanyakazi walilipokea wazo hilo upesi, na wenyewe wakapanga nani awe na nani. Nguo ziliongezeka, na zile zinazoharibika zikapungua. Hakuna aliyeongezewa mbio. Kilichoondolewa ni kule kungojana.

Turudi kwetu mashambani. Majani mabichi kilo 4 hadi 5 ndiyo yanayotoa kilo 1 ya chai kavu. Majani yakishindiliwa kikapuni na kukaa, hupata joto na kuwa mekundu, na kiwandani hayafai tena. Kwa hiyo saa moja ya kungoja mizani ni hasara mara mbili: mikono haichumi, na kilichochumwa kinaharibika.

Katika shamba moja tulilolitembelea, mnyapara alikuwa akiwasuta akina mama wa kikundi chake kwamba ni wavivu. Siku moja akaacha kusuta, akawauliza, "Mama zangu, ni kitu gani kinawachelewesha?" Wakamwonyesha foleni ya mizani. Alichukua daftari, na kwa juma zima akaandika saa kikundi kilipofika kwenye mizani na saa kilipoondoka. Daftari hilo akalipeleka kwenye kamati ya tawi, kisha wakaenda pamoja kwa meneja. Ilichukua muda, na maneno makali yalisemwa, lakini mizani ya pili ilipatikana. Maneno matupu yangejibiwa kwa maneno. Saa zilizoandikwa hazikuwa rahisi kupingwa.

Sasa tuseme jambo ambalo wasimamizi hawapendi kulisikia. Wafanyakazi wengi hujizuia kwa makusudi, nao si wajinga. Wamekwisha kuona kikundi kikivuka kipimo mwezi huu, na mwezi ujao kipimo kinapandishwa, au watu wawili wanaambiwa hawahitajiki tena. Kiongozi wa kikundi asiwaahidi wenzake kwamba hayo hayatatokea, maana si yeye anayeamua. Mapatano juu ya kipimo, malipo na idadi ya watu yafanywe na chama, yaandikwe na kutiwa sahihi kabla ya mpango mpya kuanza. Kiongozi anayeruka hatua hii atapata kilo nyingi kwa majuma machache, halafu hatasadikiwa tena.

Kuhusu mgeni anayechuma polepole, hilo ni jepesi: mweke mstari mmoja na mchumaji hodari mwenye subira, wala usimtaje mbele ya watu.

Maswali ya kujadiliana katika tawi:

Katika kikundi chenu, kazi hukwama wapi zaidi, na kwa muda gani kila siku?

Nani kati yenu ataandika saa hizo juma hili?

Kipimo chenu cha sasa kimeandikwa katika mapatano, au ni neno la mdomo tu?