Matofali Mangapi Yaingie Tanurini? Somo kwa Vikundi vya Uzalishaji

Miongoni mwa kazi zinazofanywa na vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni ufyatuaji wa matofali ya kuchoma. Kazi hiyo ina jambo moja linaloweza kula faida yote na kuchelewesha marejesho ya mkopo: si kila tofali linaloingia tanurini hutoka zima. Ya pembeni huweza kubaki mabichi, yaliyo karibu na moto huungua kupita kiasi, na yasiyokauka vyema hupasuka.

Mathalani, kikundi kimepewa oda ya matofali 8,000 ya vyoo vya shule, yafike kabla ya mvua. Daftari lake linaonesha kuwa katika matanuri matano yaliyopita, matofali mazima yalikuwa 90, 85, 80, 75 na 70 kwa kila 100. Wastani ni 80. Hivyo wengi wangechoma 10,000. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini haitoshi. Tanuri likitoa 75, oda hupungua kwa matofali 500. Likitoa 70, hupungua kwa 1,000. Katika oda tano za namna hiyo, mbili zingehitaji tanuri la pili.

Tanuri la pili, hata likiwa dogo, hudai kuni, vibarua na siku za kusubiri. Ikiwa hugharimu shilingi 400,000, mawili ni shilingi 800,000. Kikundi kikichoma 11,500 tangu mwanzo, hata tanuri la 70 hutoa 8,050. Ikiwa kila tofali la ziada hugharimu shilingi 60, nyongeza ya 1,500 ni shilingi 90,000 kwa oda, yaani 450,000 kwa oda tano. Tena, yatakayobaki yanaweza kuuzwa kwa wakazi wanaojenga.

Si kila kazi huongezwa hivyo. Matofali ya matundu yenye umbo aliloagiza mteja mmoja huweza kukosa mnunuzi yakibaki. Mkate nao huharibika upesi, na kuoka mwingine si gharama kubwa. Kwa bidhaa kama hizo, nyongeza na iwe ndogo.

Kabla ya kuamua idadi, basi, kikundi kipime mambo matatu: hasara ya kupungukiwa, hasara ya kubakiwa, na tofauti kati ya tanuri zuri na baya. Kisicho na daftari kianze na tanuri lijalo: kihesabu yaliyoingia, kisha mazima yaliyotoka.