UCHUMBA KATI YA WATU WA KAZI MOJA
Masomo: Ruthu 2 hadi 4, Mwanzo 39, Matendo 18:1-3



Hapa Kipese kila mtu anamwona mwenzake. Kijana na msichana wakitoka pamoja katika shule wanakofundisha, kabla hawajafika barabarani habari imekwisha kufika sokoni. Wengi wametuuliza sisi mashemasi: Je, ni vibaya mwalimu kumchumbia mwalimu mwenzake? Au muuguzi na muuguzi wa kituo kimoja? Au kijana anayepakia viazi vya kwenda Butembo na msichana anayeandika magunia kwenye depo ile ile? Kuna wazazi wanaokataza kabisa.

Tunajibu: si vibaya. Yakobo alimkuta Raheli kisimani akiwa na kondoo za baba yake, na wote wawili walikuwa watu wa mifugo. Tena mtu wa kazi yako umemwona amechoka, umemwona amekasirika, umemwona pesa isiyo yake ikipita mkononi mwake. Yule unayemwona siku ya ibada tu, na kanzu yake imefuliwa vizuri, utamjua lini?

Lakini swali kubwa ni hili: kati ya hao wawili, nani ana madaraka juu ya mwenzake?

Tumtazame Boazi. Yeye alikuwa mwenye shamba, na Ruthu alikuwa mjane, mgeni, anayeokota masuke ili yeye na mama mkwe wake wale. Angalieni alivyofanya. Kwanza aliwaamuru vijana wake wasimguse. Alimwacha afanye kazi pamoja na wanawake wengine, si peke yake pembeni. Usiku ule Ruthu alipokuja kwenye uwanja wa kupuria, Boazi hakutumia giza. Alisema wazi kwamba yuko ndugu mwingine wa karibu zaidi ambaye ni lazima aulizwe kwanza. Asubuhi hakwenda kujificha. Alikwenda mlangoni pa mji, akaketisha wazee kumi, akasema shauri lake mbele yao. Mtu mwenye shamba alikubali kuhukumiwa na wengine kabla ya kuoa.

Sasa direkta anayempenda mwalimu mpya, au mkubwa wa kituo cha afya anayempenda muuguzi wa kujaribiwa, amfuate Boazi. Ampe mtu mwingine kazi ya kumpima huyo dada na kutia sahihi karatasi zake. Kisha aende kwa wazazi wake mchana. Na dada akikataa, kazi yake ibaki vile vile. Kama kukataa kunamwondolea mkate, huo si uchumba tena. Ni mambo ya nyumba ya Potifa, ambako mkubwa alikuwa mwanamke na aliyefungwa alikuwa Yosefu. Serikali yetu nayo imekataza: sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inamwekea kifungo cha mwaka 1 hadi 12 mtu anayemsumbua mwingine bila kuacha, au kutumia madaraka ya kazi yake, ili apate mwili wake.

Hapa tunasema neno gumu kwa watu wa kanisa. Kiongozi wa kwaya, au mkubwa wa kazi aliye mshiriki wetu, asimwambie msichana aliye chini yake: “Roho amenionyesha wewe ni mke wangu.” Ono linapimwa na wengine. Alilete kwa wazee kabla msichana hajalisikia, maana msichana atamwogopa Mungu mahali ambapo angemkatalia mtu.

Kwa walio sawa kazini, shida ni nyingine. Akila na Prisila walikuwa mafundi wa hema wote wawili. Klaudio alipofukuza Wayahudi Roma, walipoteza mahali pao siku moja. Lakini kazi yao waliibeba, wakashona tena Korinto. Walimu wawili wanaooana wajue: mshahara wa Leta ukichelewa, unachelewa kwa wote wawili. Walime shamba, au mmoja ajifunze kushona. Watu wa Beni waliokimbia mauaji tangu 2014 wanajua faida ya kazi inayobebeka.

Kuhusu njia ya kufuata, hatutasema mengi, mnaijua. Mwezi mmoja au miwili ya kujuana inatosha kabla ya kuwaambia wazazi wa pande zote. Mbuzi za mahari zizungumzwe na wazee. Sheria ya jamaa ya 1987, iliyosahihishwa 2016, nayo inataka mahari itolewe walau sehemu, na wote wawili wawe na miaka 18. Kazini msiitane wapenzi mbele ya wanafunzi au wagonjwa.

Tunaungama pia kosa letu. Miaka iliyopita dada mmoja alituletea shauri juu ya mkubwa wake wa kazi. Tulimjibu kwamba hayo ni ya kazini, si ya kanisa. Aliacha kazi, akarudi kulima kwa baba yake. Mkubwa yule alibaki kwenye kiti chake. Tangu hapo dada anayekuja na shauri la namna hiyo anasikilizwa kwanza na mama mashemasi wawili, na mkubwa wake haitwi mpaka dada mwenyewe amekubali.