SOMO: CHUMA HAKIDANGANYIKI



Mara nyingi twasikia watu wakisema, "Fulani ana mkono wa ufundi, alizaliwa nao." Maneno haya yanapendeza, walakini yana hatari. Hutufanya tudhani kwamba usahihi ni kipawa cha wachache, na kwamba sisi wengine hatuna la kufanya. Somo letu la safari hii lawahusu watu ambao wengi wao si mafundi wa kuajiriwa. Wamo makarani, walimu, madereva na wastaafu, ambao kazi ya mchana ikiisha huingia katika kibanda nyuma ya nyumba na kuunda injini ndogo za kweli. Hawalipwi kitu, hufanya kwa kupenda. Katika kazi hiyo hujifunza mambo mawili, yaani kupima sawasawa na kungoja. Na tukiangalia vizuri tutaona kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja.

1. Kazi hii ni ya namna gani?

Kazi ya kuunda mitambo midogo ina mizizi mirefu nchini Uingereza. Mwaka 1898 Percival Marshall alianzisha gazeti la Model Engineer kwa ajili ya watu wa namna hii, na mwaka huohuo chama chao kikaundwa London. Tangu hapo vyama vya namna hiyo vimeenea katika miji mingi.

Wanavyounda si vitu vya kupamba kabati tu. Injini nyingi huenda kwa mvuke, zikiwa na moto wa makaa na maji yanayochemka ndani yake. Garimoshi la kupita juu ya reli zenye upana wa inchi 5, yaani milimita 127, ni karibu sehemu moja tu ya kumi na moja ya garimoshi kamili la Kiingereza, lakini laweza kuvuta watu wazima kadhaa. Msomaji aliyepata kufika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, akasimama kando ya lile garimoshi kubwa liitwalo Mount Gelai, na ajaribu kufikiri garimoshi la mvuke lililopunguzwa hata dereva akaweza kuketi nyuma yake na kuliangalia kwa juu, nalo lina pistoni, vali na boila, vyote vikifanya kazi.

Anayeanza hashauriwi kuanza na garimoshi. Huanza na injini ya silinda moja, kama ile iitwayo Stuart 10V, ambayo silinda yake ina upana wa ndani wa robo tatu ya inchi tu. Hununua vipande vilivyomiminwa katika kalibu, vyenye ngozi ngumu na visivyo na upande hata mmoja ulionyoka. Kazi yake ni kuvikereza, kuvitoboa na kuvipiga tupa mpaka vikutane. Injini hiyo ndogo yaweza kumchukua miezi, na garimoshi laweza kumchukua miaka mingi.

2. Kupima ni kusema kweli

Kabla ya kukata, mjenzi hupaka kipande rangi ya bluu, kisha huchora mstari mwembamba kwa sindano ya chuma. Mahali pa tundu hupiga nukta kwa nyundo, maana ncha ya keekee isipokuwa na pa kukaa hutangatanga, na tundu huhama.

Hapa kuna kosa moja ambalo wengi huliona dogo. Tuseme yatakiwa matundu kumi katika mstari. Mtu hupima tundu la pili kutoka la kwanza, la tatu kutoka la pili, na kuendelea hivyo. Kila mara akikosea sehemu moja ya kumi ya milimita kwa upande uleule, atakapofika tundu la kumi atakuwa amepotoka karibu milimita nzima. Kila hatua aliiona sawa, lakini mwisho wake skrubu hazipiti. Mwenye busara hupima matundu yote kutoka ukingo mmoja ulionyoka. Akikosea, kosa lake hubaki pale pale, wala halirithiwi na tundu linalofuata.

Baadaye huja kazi ya vipimo vidogo zaidi. Kwa maikromita mjenzi hupima sehemu moja ya mia ya milimita, na unywele wa mtu una unene wa kama sehemu saba hivi. Pistoni ikipwaya, mvuke huvuja. Ikibana, injini hukwama. Hapo hakuna maneno ya kujitetea. Mwanadamu twaweza kumweleza kwa nini kazi haikutoka vizuri, naye akatuhurumia, lakini chuma hakibembelezwi.

3. Kungoja ni sehemu ya kipimo

Watu wengi hudhani kwamba saburi ni kujizuia tu wakati kazi yenyewe imesimama. Mjenzi wa injini hujifunza kwamba kungoja ni kazi.

Chuma kinapokerezwa hupata joto, na kikipata joto hutanuka. Kipande cha chuma cha pua chenye urefu wa milimita 100 hurefuka zaidi kidogo ya sehemu moja ya mia ya milimita kwa kila nyuzi 10 za joto. Basi kikiwa na joto la nyuzi 30 kupita kawaida, kimeongezeka kwa zaidi ya sehemu tatu za mia. Mwenye haraka hukipima kikiwa moto, akaona bado ni kikubwa, akakata tena. Saa moja baadaye kimepoa, nacho ni kidogo mno. Maikromita haikusema uongo, wala mkono haukutetemeka. Alisoma sawasawa, lakini kabla ya wakati. Na chuma kilichokwisha kukatwa hakirudishwi.

Kwa hiyo fundi mwema hukata kidogo, hungoja, hupima, kisha hukata kidogo tena. Bandu bandu huisha gogo. Anayetaka kuumaliza ukubwa wote kwa pigo moja hukilazimisha chombo cha kukatia kipinde, na tundu likatoka na umbo ambalo hakuna aliyelitaka.

4. Kielelezo kilichomfundisha Watt

Wako watakaouliza, "Kitu kidogo namna hii chaweza kufundisha nini?" Yafaa wakumbuke habari za James Watt. Alikuwa fundi wa vyombo vya kupimia katika Chuo Kikuu cha Glasgow, na mwaka 1763 alipewa kielelezo kidogo cha injini ya Newcomen akitengeneze. Wengine wangalikitia mafuta na kukirudisha. Yeye alikichunguza, akaona kwamba mvuke mwingi ulipotea kwa sababu silinda ilipozwa na kupashwa moto upya kila mara. Mwaka 1765 akapata shauri la kuupoza mvuke katika chombo kingine, mbali na silinda.

Shauri lilikuwa jema, lakini kazi ikakwama kwa miaka mingi. Kwa nini? Hakukuwa na mtu aliyeweza kukereza silinda kubwa ikawa mviringo sawasawa, na mvuke ulivuja kando ya pistoni. Ndipo fundi John Wilkinson akaunda mashine ambayo nondo yake ya kukatia ilishikiliwa ncha zote mbili isiyumbe. Matthew Boulton, mshirika wa Watt, alieleza kwamba silinda yenye upana wa inchi 50 haikukosea hata kwa unene wa shilingi kuukuu. Mwaka 1776 injini za Watt zikaanza kazi. Wazo lilipatikana mwaka 1765. Usahihi wa kulitimiza ulingojewa kwa miaka 11.

5. Mabamba matatu

Kila karakana ndogo ina bamba la chuma au la jiwe lililonyoka sana, ambalo juu yake vitu hupimwa. Lakini bamba la kwanza kabisa lilinyoshwaje, ikiwa hapakuwa na jingine la kulilinganisha nalo?

Joseph Whitworth, aliyefanya kazi katika karakana ya Henry Maudslay huko London, alieleza njia yake mbele ya wataalamu mwaka 1840. Chukua mabamba mawili. Paka moja rangi nyembamba, liweke juu ya jingine, kisha ukwangue kila mahali palipopata rangi, maana ndipo palipoinuka. Rudia mara nyingi, hata rangi ienee kote. Je, sasa yamenyoka? La, si lazima. Huenda moja lina tumbo na jingine lina shimo, nayo yanakutana kama kichwa na kofia. Yamepatana kabisa, na yote mawili yamepotoka.

Dawa yake ni bamba la tatu. La kwanza hulinganishwa na la pili, la pili na la tatu, la tatu na la kwanza, tena na tena. Mabamba matatu hayawezi kupatana yote, kila moja na kila jingine, isipokuwa yamenyoka kweli. Njia hii haihitaji mashine ya thamani. Yahitaji kikwangulio, rangi, na mtu asiyechoka upesi.

Ndugu msomaji, jambo hili latufaa hata nje ya karakana. Watu wawili wakisifiana kila siku, au mume na mke wakikubaliana juu ya jirani yao, au kamati ndogo ikiridhika na hesabu zake, kupatana kwao si ushahidi kwamba wamenyoka. Yafaa aletwe wa tatu.

6. Jaribio la boila

Sasa twafika mahali ambapo usahihi si furaha ya mjenzi peke yake. Vyama vingi vina reli zao, na siku za mapumziko watoto hupandishwa mabehewa madogo nyuma ya garimoshi. Mbele yao pana boila lenye maji yenye joto kupita kiwango cha kuchemka, yakizuiwa na kuta za shaba nyekundu zilizounganishwa kwa lehemu ya fedha. Maji yakigeuka mvuke katika hewa ya kawaida hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600. Kiungo kibovu kikiachia ghafula, aliye karibu ataungua vibaya.

Na shida ni hii: lehemu isiyopenya ndani ya kiungo mara nyingi haionekani kwa nje. Mjenzi ndiye ajuaye kama alisafisha shaba sawasawa, na kama aliipa moto wa kutosha au alikuwa na haraka ya kula chakula cha jioni.

Kwa hiyo boila jipya hujazwa maji baridi mpaka hewa yote itoke, kisha husukumwa kwa pampu hata kufikia mara mbili ya nguvu litakayofanyia kazi. Likiwa la ratili 80 kwa inchi mraba, hujaribiwa kwa ratili 160. Maji hutumiwa kwa sababu hayabanwi kama hewa. Penye udhaifu patatoa matone na mshale wa geji utashuka, bila mlipuko. Baadaye hujaribiwa kwa mvuke, ili ionekane kama vali ya usalama yafunguka kwa wakati wake. Tena mjenzi hajipitishii boila lake mwenyewe. Hulipitisha mkaguzi wa chama. Na jaribio hurudiwa kila baada ya muda uliowekwa.

Tufikiri juu ya mkaguzi huyo. Mbele yake amesimama rafiki yake, aliyetumia miaka kadhaa juu ya garimoshi hili, na kiungo kimoja chatoa tone. Ni tone moja tu! Kulipitisha kungaliwafurahisha wote siku hiyo. Lakini wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Mkaguzi mwema hukataa, kwa upole, na rafiki yake hurudi kibandani. Huo ndio upendo wenye kipimo.

7. Tukumbuke nini?

Cherry Hill, mwanamke wa Uingereza, aliunda mashine za mvuke za kale kwa sehemu moja ya kumi na sita ya ukubwa wake, akipeleleza kwanza michoro na maandishi ya zamani. Alishinda tuzo ya Duke of Edinburgh ya ufundi huu mara 9, na mwaka 2000 akapewa nishani ya MBE. Watu hustaajabia mikono yake. Lakini mikono ya namna hiyo huzoezwa kwa kukubali kipande kiharibike, kukitupa, na kuanza kingine bila kukasirika.

Usahihi, basi, ni saburi iliyogawanywa katika hatua ndogo, na kila hatua ikathibitishwa kabla ya ile inayofuata. Anayeshona nguo, anayeandika hesabu za kikundi, anayepima dawa ya mtoto, wote wako katika shule hiyohiyo.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Ni kazi gani ya nyumbani kwako au ya kikundi chako ambayo hupimwa "ikiwa bado moto"?

2. Katika hesabu au mapatano yetu, ni nani aliye bamba la tatu? Ikiwa hayupo, twaweza kumwomba nani?

3. Mkaguzi afanyeje amkatalie rafiki yake bila kumvunja moyo? Na aliyekataliwa apokeeje neno hilo?

4. Taja jambo moja ambalo wewe peke yako wajua kama lilifanywa sawasawa ndani yake. Ni nani wanaolitegemea?