Usipike Majibu: Mbinu za Majaribio ya Kemia na Biolojia

Wapo wanafunzi wanaoingia kwenye mtihani wa vitendo wakiwa na majibu kichwani. Wamesikia kwa wenzao kwamba titresheni ya leo "itatoa 25", basi bureti ikisoma 23.40 wanafuta na kuandika 25.00, tena mara tatu mfululizo. Msahihishaji akiona titresheni tatu zinazolingana hadi desimali ya mwisho, lazima atie shaka. Anayepika majibu mara nyingi si mvivu. Ni mtu ambaye mkono wake uliteleza mapema, naye hajui uliteleza wapi. Mbinu zifuatazo zitakuonyesha pa kuangalia.

Kabla ya kugusa kifaa

Soma swali lote, kisha chora jedwali kabla hujapima chochote. Ukiwa na jedwali tupu mbele yako, kila usomaji una mahali pake, na hutaandika tarakimu kwenye kiganja. Bandika lebo kwenye kila neli na kila bika, maana asidi na besi zote huonekana kama maji. Ukitakiwa kuzimua asidi kali, mimina asidi ndani ya maji polepole, kamwe usimimine maji ndani ya asidi. Ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka, kisha mwite mwalimu.

Titresheni

Suuza bureti kwa asidi ileile utakayoijaza, na pipeti kwa besi ileile utakayoipima. Chupa ya koni isuuze kwa maji yaliyokenekwa tu. Maji yakibaki ndani ya bureti huzimua asidi, nawe utatumia nyingi kuliko inavyotakiwa. Kwenye chupa ya koni mambo ni kinyume: ukiisuuza kwa besi, mabaki yake yataongezeka juu ya zile sm³ 25 ulizopima, lakini maji yakibaki humo hayadhuru, kwa sababu kiasi cha besi hakibadiliki.

Ukishajaza bureti, ondoa faneli, isije ikadondosha matone baadaye. Kisha inama uangalie ncha nyembamba chini ya koki. Mara nyingi utakuta kipovu cha hewa kimejibana hapo. Weka bika chini, fungua koki yote kwa ghafla, na asidi itakitoa kwa kasi yake. Ukikiacha kikatoka katikati ya kazi, asidi itajaza nafasi yake bila kuingia kwenye chupa ya koni, na bureti itahesabu kana kwamba umeitumia. Kipovu cha nusu sm³ kinatosha kugeuza 24.60 kuwa 25.10.

Uso wa kimiminika ndani ya bureti hubonyea katikati. Soma sehemu ya chini kabisa ya mbonyeo huo, jicho likiwa sawa nao, huku umeweka karatasi nyeupe nyuma. Ukisoma kutoka juu utapata tarakimu ndogo kuliko ya kweli. Andika desimali mbili daima: 24.60, si 24.6.

Pipeti ivute kwa mpira wake, si kwa mdomo. Ukiimwaga, gusisha ncha yake kwenye ukuta wa chupa na uache besi ishuke yenyewe. Tone linalobaki nchani usilipulize, kwani pipeti imepimwa likiwa limehesabiwa.

Kiashiria ni matone mawili au matatu, basi. Chenyewe humenyuka na asidi au besi, kwa hiyo ukizidisha unaharibu kipimo. Kwa asidi kali na besi dhaifu, kama asidi haidrokloriki na sodiamu kaboneti, tumia methili oranji. Kwa asidi dhaifu na besi kali, kama ile ya siki na sodiamu haidroksaidi, tumia fenolfthaleini. Asidi ikiwa kwenye bureti, methili oranji hutoka manjano na unatakiwa usimame kwenye rangi ya chungwa. Ukifika kwenye nyekundu, umeshapitiliza.

Titresheni ya kwanza ni ya majaribio, ifanye haraka ujue kikomo kiko wapi. Tuseme imetoa 25.20. Katika zinazofuata, fungua koki bila wasiwasi hadi karibu 23, kisha endelea tone kwa tone ukitikisa chupa. Ukipata 24.60, 24.50 na 24.60, wastani ni 24.57. Ile ya majaribio haiingii kwenye hesabu. Moja ikitoka 25.40, ikate kwa mstari mmoja ili isomeke, urudie.

Vipimo vya chakula

Gawa sampuli kwenye neli tofauti, kila kipimo na neli yake. Kwa wanga, tonesha iodini kwenye sampuli iliyopoa, rangi iwe ya bluu iliyokolea kuelekea nyeusi. Sampuli ikiwa ya moto, rangi hiyo hupotea, nawe utaandika kwamba hakuna wanga ilhali upo.

Kwa sukari kama glukosi, tia mchanganyiko wa Benedict na uweke neli ndani ya bika la maji yanayochemka. Rangi ya bluu hupita kijani, manjano na chungwa hadi nyekundu ya tofali. Andika hatua ulizoziona: ikiishia kwenye kijani, sukari ni kidogo. Sukrosi, yaani sukari ya mezani, haijibu kipimo hiki moja kwa moja. Ichemshe kwanza na asidi haidrokloriki iliyozimuliwa, ipooze, isawazishe kwa besi, ndipo utie Benedict. Hatua ya kusawazisha husahaulika sana, na bila hiyo kipimo hugoma.

Kwa protini, anza na sodiamu haidroksaidi, halafu kopa salfeti tone kwa tone, ukitikisa, bila kuchemsha. Ukizidisha kopa salfeti, bluu yake itaifunika zambarau unayoitafuta.

Ukipima wanga kwenye jani, litachemshwa kwa maji, kisha kwa ethanoli. Ethanoli hushika moto upesi: zima moto kwanza, halafu weka neli yake ndani ya maji yaliyokwisha kuchemka.

Kuandika

Tenganisha ulichokiona na unachokihitimisha. "Rangi imegeuka kuwa bluu nyeusi" ni uchunguzi, ilhali "wanga upo" ni hitimisho. Taja rangi ya mwanzo na ya mwisho, na usiite cheupe kimiminika kisicho na rangi: maziwa ni meupe, maji hayana rangi. Kama hakuna kilichobadilika, andika hivyo, maana nalo ni jibu.

Shule ikiwa na vifaa vichache, jinoe nyumbani. Tonesha iodini ya duka la dawa kwenye kipande cha ndizi mbichi na cha ndizi iliyoiva sana, ulinganishe weusi wake, kisha uvitupe, si vya kula tena. Chemsha rosela, gawa maji yake mekundu kwenye glasi mbili, moja utie ndimu na nyingine magadi soda. Kila mara andika kwenye daftari ulichokitarajia upande mmoja, na ulichokiona upande wa pili. Pande hizo zikitofautiana, usiguse tarakimu wala rangi uliyoiandika. Rudi nyuma hatua moja moja, kuanzia kusuuza vifaa, hadi uone ni wapi mkono uliteleza.