Vitasa vya Umeme Katika Afisi: Hali Yake Umeme Ukatikapo na Urudipo

Wananchi wa Unguja hawana haja ya kusimuliwa habari za kukatika kwa umeme. Njia ya umeme itokayo Bara ilipoharibika Mei 2008, kisiwa kilikaa takriban mwezi mzima gizani. Na tokea Desemba 2009 hadi Machi 2010 giza lilirudi kwa miezi mitatu. Waya wa baharini wa megawati 100, uliozinduliwa mwaka 2013, umeipunguza tabu hiyo, haukuiondoa. Kwa hivyo watumishi wanaotumia milango yenye vitasa vya umeme wanapaswa kuzijua tabia za vitasa hivyo.

Viko vya aina mbili, na kuzichanganya ni hatari. Kitasa cha sumaku hushika mlango madhali umeme unapita. Ukikatika, mlango huwa wazi. Kitasa cha komeo hufanya kinyume chake: springi hulibakisha komeo mahali pake. Cha kwanza hufaa njia ya kutokea watu wakati wa moto. Cha pili hufaa stoo ya dawa na chumba cha kumbukumbu, mradi aliyemo ndani aweze kutoka kwa mkono wa mlango, bila ya umeme. Stoo ya dawa yenye sumaku peke yake ni sawa na stoo isiyo mlango kila betri inapokwisha.

Na betri hukwisha upesi kuliko inavyodhaniwa. Sumaku ya kawaida ya volti 12 hula takriban nusu ampea; betri ya ampea-saa 7, kwa hesabu ya karatasini, ingeishikilia kwa saa 14. Betri iliyochakaa, yenye ncha zilizoliwa na chumvi ya bahari, haifiki huko.

Umeme hafifu huleta madhara yasiyoonekana mapema. Kanazi, Wilayani Ngara, imo katika sehemu ya Mkoa wa Kagera ambayo, pamoja na Biharamulo, kwa miaka mingi ilitegemea mitambo ya dizeli iliyokuwa nje ya Gridi ya Taifa. Mtambo mdogo ukibebeshwa mzigo wa ghafla, volti hushuka chini ya 230. Hapo chaja huweza kushindwa kuijaza betri ilhali taa ya kitasa ingali ikiwaka, na mlinzi akaamini kuwa mambo ni shwari. Umeme unaporudi kwa kishindo huweza kuunguza chombo kinachoongoza kitasa; au saa yake ya ndani hupotea, na mlango uliopangiwa kufunguka asubuhi ukafunguka usiku wa manane.

Inashauriwa swichi ya kitasa izimwe mara moja kila mwezi, wakati wa kazi, mtu akiwa amesimama mlangoni, na muda ambao betri imedumu uandikwe daftarini. Ufunguo wa kawaida akae nao mlinzi wa zamu, wala usiwekwe ndani ya chumba hicho hicho kinachofungwa. Umeme urudipo, saa ya kitasa itazamwe kabla ya afisi kufungwa jioni.