Mipangilio ya Kompyuta: Ya Fimwea na ya Programu

Wahunzi wa uwanda wa Ufipa, ambako Chala iko, walipata chuma kwa matanuru ya aina mbili. La kwanza, liitwalo ilungu, lilikuwa refu, la udongo, nalo lilivuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini. Kimo na matundu yake vilipangwa kabla ya kuwasha moto. Kisha chuma kilisafishwa katika tanuru dogo lenye mivukuto, ambamo hewa iliongezwa au kupunguzwa kazi ikiendelea.

Kompyuta nayo ina mipangilio ya ngazi mbili. Fimwea ni programu iliyohifadhiwa katika chipu ya bodi kuu. Kompyuta iwashwapo, fimwea ndiyo hutangulia: hukagua vifaa, kisha huita mfumo endeshi kutoka diskini. Mipangilio yake huamua, kwa mfano, diski ipi isomwe kwanza.

Zana za programu huanza kazi baada ya mfumo endeshi kuamka. Mtunga programu huandika mipangilio yake katika faili za kawaida. Akikosea, hurudisha faili ya awali na kuendelea.

Kutotambua ngazi ya kasoro hupoteza kazi. Umeme ukizimwa, saa ya kompyuta huendeshwa na betri ndogo. Katika kompyuta nyingi ni CR2032 ya volti 3. Betri hiyo ikiisha, saa hurudi nyuma miaka kadhaa, na mahali pasipo na intaneti hakuna cha kuisahihisha. Sasa itazamwe zana iitwayo Make, iliyotungwa na Stuart Feldman mwaka 1976. Make hulinganisha nyakati za faili: matini ikiwa mpya kuliko programu iliyojengwa, hujenga upya. Mwanafunzi akisahihisha matini leo, nayo ikapewa tarehe ya zamani, Make huona hakuna jipya. Kosa hubaki, naye hutafuta katika mistari iliyo sahihi tayari, kumbe dosari imo katika betri.

Lakini fimwea isiguswe ovyo. Umeme ukikatika wakati fimwea inaandikwa upya, kompyuta yaweza isiwake tena, na shule yenye mashine chache hupata hasara kubwa. Basi utaratibu ni huu: kwanza itazamwe saa, pili zikaguliwe faili za mipangilio, mwisho ndipo ifunguliwe fimwea, baada ya kuandika daftarini mipangilio iliyopo. Mhunzi alirekebisha mivukuto kabla ya kufikiria kubomoa tanuru.

Maswali
1. Kwa nini fimwea haihifadhiwi katika diski pamoja na mfumo endeshi?
2. Kompyuta huonyesha tarehe ya zamani kila asubuhi. Kasoro iko ngazi gani? Toa sababu.
3. Eleza jinsi saa yenye makosa inavyoweza kuidanganya Make.